Kinywa na Kalamu: Matamshi na Uteuzi wa Maneno katika Kiswahili

Wanafunzi wa Kiswahili huambiwa mapema kwamba lugha hii huandikwa kama inavyotamkwa. Kauli hiyo ni kweli kwa sehemu kubwa. Irabu ni tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika kutoka neno hadi neno. Konsonanti nazo hazifichi mambo mengi. Kwa sababu hiyo, kosa la kinywani hushuka moja kwa moja hadi kwenye karatasi: anayesema "kura" akikusudia "kula" huandika vilevile, na mhariri hupokea sentensi inayosema watu walikwenda harusini kura. Katika Kiswahili, kutamka vizuri na kuandika vizuri ni kazi moja inayofanywa na viungo viwili.

Lakini si kila tofauti ya matamshi ni kosa, na hapo ndipo mjadala huchafuka. Wapo wanaomcheka mtu kwa lafudhi ya kwao, na wapo wanaodai kwamba almradi ujumbe umefika, yote ni sawa. Makala haya yanashika kipimo kimoja: msikilizaji au msomaji amepoteza nini? Kama maana imegeuka, kosa lipo. Kama maana imebaki palepale na kilichosikika ni asili ya msemaji tu, hiyo ni lafudhi, na kila msemaji anayo, awe wa Unguja au wa Kisumu.

Usanifu ulikotoka

Kabla ya herufi za Kirumi kuenea, Kiswahili kiliandikwa kwa karne kadhaa kwa herufi za Kiarabu. Hati hizo zilimtegemea sana msomaji. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu, hivyo e na i ziliandikwa sawa, na o na u vilevile. Tena hakina herufi za p, v, ch wala g kama ya "gari". Msomaji wa utenzi alilazimika kuujua utenzi wenyewe, au kuijua lugha kiasi cha kukisia neno kutokana na mizani na vina. Waandishi wa pwani hawakukaa kimya juu ya upungufu huo. Katika Mombasa ya karne ya 19, Mwalimu Sikujua, aliyefanya kazi pamoja na mmisionari William Taylor, alikuwa miongoni mwa waliozinakili hati kwa alama za ziada ili kila sauti ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, ionekane.

Herufi za Kirumi ziliingia pamoja na wamisionari: Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere aliyetoa kitabu chake cha sarufi ya Kiunguja mwaka 1870. Serikali za kikoloni zilipotaka lugha moja ya shule, swali likawa Kiswahili cha nani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja cha mjini, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Kiswahili ya nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Baada ya uhuru, Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981.

Uamuzi wa 1928 ulikuwa wa kiutawala. Mombasa na Lamu zilikuwa na ushairi ulioandikwa uliokuwa mpana kuliko ule wa Unguja, na msemaji wa Kimvita anayesema "mato" kwa macho na "kuteka" kwa kucheka hakosei kitu. Anasema lahaja yake. Usanifu ni makubaliano ya kurahisisha vitabu, mitihani na matangazo. Anayesoma taarifa ya habari ameyakubali. Anayezungumza na bibi yake hakuyakubali, wala hana haja nayo.

Sauti zinazogeuza maana

Jozi inayoleta fujo kubwa kuliko zote ni l na r. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi sauti hizi mbili: Gĩkũyũ haina l, na Kisukuma kwa asili hutumia l. Msemaji akiingia katika Kiswahili, sikio lake halioni sababu ya kuzitenga, na ulimi hufuata sikio. Tatizo ni kwamba Kiswahili kimezipa sauti hizo kazi tofauti. Kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya kula. Mahali ni pa kukaa, mahari ni ya kuolea. Fahali ni ng'ombe dume, fahari ni utukufu. Hali ni jinsi mtu alivyo, hari ni joto na jasho lake. Safari ni ya mbali, ukoo ni wa mbari moja. Muktadha huokoa mengi, lakini hauokoi yote: "wamezungumzia mahari" na "wamezungumzia mahali" ni habari mbili kamili, na mjomba aliyetumwa kupeleka posa asingependa zichanganywe.

Wanaojua kuwa wana udhaifu huu mara nyingine huuponya kupita kiasi. Kwa kuiogopa l, huweka r hata pasipostahili, na matokeo yake ni makosa mapya ambayo lugha yao ya kwanza isingeyaleta. Dawa ni kuzoeza sikio kabla ya ulimi. Mtu asiyeisikia tofauti hawezi kuitamka, hata akiambiwa mara ngapi. Ndiyo maana walimu wazuri huanza kwa kusoma maneno mawili kwa sauti na kumwuliza mwanafunzi ni lipi lililotajwa, kabla ya kumtaka ayatamke.

Kundi la pili ni sauti zilizokuja na maneno ya Kiarabu: th, dh, gh na kh. Hizi hazina uzito sawa. Kati ya dh, z, th na s, maana hugeuka wazi. Kumzuru mgonjwa ni kwenda kumjulia hali. Kumdhuru ni kumwumiza. Zana ni vifaa, dhana ni mawazo. Kurithi nyumba kunahitaji marehemu, kuridhi nyumba kunahitaji moyo mkunjufu tu. Kuna jozi moja inayosumbua hata ofisini: kuathiri ni kuleta mabadiliko kwa kitu, kuadhiri ni kumfedhehesha mtu mbele za watu. Taarifa inayosema "mvua imewaadhiri wakulima" ina kichekesho ambacho mwandishi wake hakukitaka. Jirani yao ni athari na hadhari, ambazo zimezaa mtoto asiyekuwapo katika kamusi yoyote, "hathari".

Gh ni nyepesi zaidi kwa kipimo chetu. Anayesema "luga" badala ya lugha, au "gali" badala ya ghali, anaeleweka bila shida. Mtangazaji atarekebishwa, muuza nyanya aachwe auze. Kuhusu kh, usanifu wenyewe umekwisha kurudi nyuma: habari, heri, hofu na hamsini zote huandikwa kwa h, na kh imebaki zaidi katika majina ya watu kama Khamis na Khadija. Kwa hiyo anayeikokota kh katika kila "khabari" hatamki kwa usahihi zaidi kuliko wengine. Anaonyesha asili ya neno, au elimu yake ya madrasa, jambo ambalo si baya lakini si sharti.

H yenyewe huanguka au huzuka. Haya ni aibu, aya ni fungu la maandishi. Hama ni ondoka, ama ni au. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo na cha Lubumbashi h hudondoka mara kwa mara, na huko m- ya mwanzo husikika kama mu-, "mutu", na watu huwa "bantu". Hayo ni mazoea ya jamii nzima yenye kanuni zake, na si uzembe wa mtu mmoja mmoja. Dholuo nayo haina sh wala z, na wanaotoka humo hujifunza sauti hizo ukubwani kama mtu mwingine yeyote anavyojifunza sauti ngeni.

Ng' na ng zinahitaji sentensi chache tu. Ng'ombe haina g ndani yake, ngoma inayo. Kung'oa ni kutoa na mizizi. Ngoa ni wivu au uchu. Kialama kile cha juu si pambo. Kwenye simu watu hukiacha kwa kuwa kiko ukurasa wa pili wa kibodi, na "ngombe" imezoeleka kiasi kwamba wengine wameisahau sababu ya kuwapo kwa alama.

Ambayo tahajia haiyaonyeshi

Hapa ndipo ule msemo wa "huandikwa kama kinavyotamkwa" unapokwama. Chukua neno mbuni. Likiwa ndege mkubwa asiyeruka, lina silabi mbili: mbu-ni. Likiwa mti wa kahawa, au mtu anayebuni kitu, lina silabi tatu: m-bu-ni, na m hutamkwa peke yake. Maandishi ni yaleyale. M ya namna hiyo ni silabi kamili, na katika maneno mafupi kama mtu hubeba hata mkazo. Ndiyo maana wageni wanaosema "mutu" au "umtu" husikika mara moja: wanaikimbia silabi ambayo lugha zao hazina.

Mkazo, au shadda, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likirefuka mkazo husogea nalo: nyumba ina mkazo kwenye nyu, nyumbani kwenye mba, wasema kwenye se, wasemaje kwenye ma. Kanuni hii inashikilia karibu lugha nzima, na yale machache yanayoivunja yanajulikana. Barabara yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari. Ikiwa na mkazo kwenye ya pili, maana yake ni sawasawa kabisa. Walakini, kwa mkazo kwenye la, ni lakini; kwa mkazo kwenye ki, ni kasoro. Lazima kwa wasemaji wengi huanza na mkazo. Kosa la shadda huudhi kuliko linavyopotosha, isipokuwa kwa msomaji wa taarifa anayekutana na barabara mara tano katika habari moja.

Irabu mbili zinazofuatana ni silabi mbili, na anayezimeza hubadilisha neno. Kata ni kitendo cha kisu, kataa ni cha kinywa. Mtoto anatambaa, kijana mwenye gari jipya anatamba. Waliokoma wameacha, waliokomaa wamefikia umri wao.

Kisha kuna mpumuo, ambao msomaji wa bara huenda hakuwahi kuusikia. Wenyeji wa pwani hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayotoka pamoja na p: mnyama ana pumzi, nyumba haina. Chungu cha kupikia hakina pumzi, chungu wanaotambaa ukutani wanayo. Kaa la moto na kaa wa baharini hivyohivyo. Tahajia sanifu haikuuandika mpumuo huo, na mamilioni ya wasemaji wanaishi bila kuujua kwa sababu upatanisho wa kisarufi hufanya kazi ileile: "paa limevuja" na "paa amekimbia" hayachanganyiki. Huu ni mfano mzuri wa lugha kuacha kitu kwa kuwa kingine kinatosha.

Kiimbo nacho hakiandikwi ila kwa alama za uakifishaji. "Amekuja" inaweza kuwa habari au swali, na tofauti iko kwenye sauti tu. "Mama Asha ameondoka" inamhusu mama mwenye binti aitwaye Asha. "Mama, Asha ameondoka" inamhusu binti mwenyewe, na mama ndiye anayepewa habari. Katika mazungumzo kituo kifupi hutosha. Katika ujumbe wa simu mkato hutosha pia, na ni watu wachache sana wanaouandika.

Uteuzi wa maneno

Neno likishatamkwa vizuri linabaki swali kama ndilo lenyewe. Kosa ambalo vyombo vya habari vimelieneza mno ni lile la swala na suala. Swala ni mnyama wa porini. Suala ni jambo, na wingi wake ni masuala. Anayeandika "swala la bajeti" amempeleka mnyama bungeni. Zipo pia swali, linalotaka jibu, na sala, ambayo Waislamu wengi huiita swala, jambo linaloongeza msongamano. Hapa hakuna njia ya mkato. Ni lazima kila neno lijulikane kivyake.

Habari za ajali zina mkanganyiko wake. Majeruhi ni aliyeumia. Manusura ni aliyepona, awe ameumia au hakuumia. Mhanga kwa asili ni anayejitoa maisha yake, lakini magazetini amekuwa kila mtu aliyepatwa na maafa. Kichwa cha habari kinachosema "manusura ni 12" kinaweza kumwacha ndugu wa abiria akijiuliza kama aende hospitali au aende kituoni kumpokea mtu mzima. Athari na madhara pia hubadilishana nafasi kiholela, ingawa athari inaweza kuwa njema na madhara hayawezi.

Kuna maneno ambayo hayakosei kitu ila hayafanyi kazi yoyote. "Waziri aliweza kuzungumza na waandishi" haina zaidi ya "waziri alizungumza na waandishi", kana kwamba kulikuwa na shaka juu ya uwezo wake. "Zoezi la kuhesabu kura limekamilika" ni kura zimehesabiwa. "Ajali hiyo ilipelekea vifo vya watu" ni ajali iliyoua watu. Mazoea haya yalitokana kwa sehemu na tafsiri za harakaharaka kutoka Kiingereza, yakapata heshima kwa kusikika kwenye vipaza sauti vya ofisi. Binafsi naona "aliweza" ndiyo mbaya kuliko zote: huonekana nyenyekevu na hivyo haigunduliki.

Wingi wa maneno ya kukopa huleta ubishi usiokwisha. Dawa ni ngeli ya i/zi, wala haihitaji ma-, na sheria ya Tanzania imelishika hilo: chombo kinachohusika huitwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Hata hivyo "madawa ya kulevya" yanaendelea kutajwa, huku Wakenya wakiwa na neno lao, mihadarati, lisilo na tatizo hilo. "Masaa" hulaumiwa vilevile, lakini hapo nawaelewa wanaoyasema. "Nilisubiri saa tatu" inaweza kuwa muda au wakati, na watu wamejitengenezea wingi ili kuondoa utata. Mwandishi anayetaka kubaki kwenye usanifu ana njia yake: "nilisubiri kwa muda wa saa tatu".

Mipaka nayo huchagua maneno. Shule ya sekondari ya Tanzania ni shule ya upili Kenya, na Zanzibar hata wizara husema skuli. Stima ni umeme kwa Mkenya. Kwa Mtanzania mzee ni meli ya mvuke. Kulipigania mojawapo ni kupoteza muda; kazi ya mwandishi ni kujua anawaandikia nani.

Adabu ndiyo inayopima mengine. Ng'ombe hufa, mtu hufariki au huaga dunia; mbuzi huzaa, mama hujifungua. Tafsida hizi ni sehemu ya lugha, na asiyezijua huonekana mkali bila kukusudia. Ila mahali pengine tafsida hugeuka kizuizi. Muuguzi anayemwuliza mzee "unapata choo?" anakusudia haja kubwa, lakini mzee aliyetoka kijijini asubuhi anaweza kujibu kwamba ndiyo, kipo nyuma ya jengo.

Utata unaotokana na muundo ni mgumu zaidi kuliko wa neno moja, kwa kuwa hauna kamusi. "Tuliitwa na Juma" inaweza kumfanya Juma mwitaji, au mwitwa pamoja nasi. "Mtoto wa mwalimu aliyeugua" haisemi nani mgonjwa. Katika maongezi mtu huuliza akajibiwa. Katika maandishi hakuna wa kuulizwa, hivyo sentensi hujengwa upya: "Juma alituita", "mwalimu aliyeugua ana mtoto".

Saa na hesabu

Pa kutahadhari zaidi ni kwenye tarakimu. Saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko na machweo, kwa hiyo saa 2 asubuhi ni saa mbili baada ya jua kuchomoza. Tiketi ya basi iliyochapishwa kwa mtindo wa Kiingereza ikisema 2:00 bila neno lingine, abiria anaweza kufika saa sita kabla au saa sita baadaye. Neno moja, asubuhi, mchana, alasiri au usiku, hulipunguza tatizo.

Fedha zina mtego wake. "Elfu kumi na tano" kwa kawaida ni 15,000, lakini kisarufi hakuna kinachozuia isiwe 10,005. Wengine hutofautisha kwa kituo kidogo baada ya "kumi", wengine husema "kumi na tano elfu" kwa ile ya kwanza. Njia zote mbili husikika sokoni na zote hueleweka, mradi wauzaji na wanunuzi wamezoeana. Kwenye hundi na mkataba, ambako mazoea hayafiki, kiasi huandikwa mara mbili, kwa maneno na kwa tarakimu.